Nozeli kwa Kipolandi

Jumatatu asubuhi Nurdini alitoka nyumbani Kibiti kwenda Mahege kutengeneza trekta, na bodaboda aliyopanda ikagongwa na lori kabla hajafika. Alasiri walimzika. Tangu hapo mkewe, Warda, akakaa eda: hatoki nje, haonani na wanaume wasio maharimu wake.

Gereji ilikuwa ya watu wawili, Nurdini na rafiki yake Ukasha. Mashine yao ya kupimia magari ilisema Kiingereza tu, na msomaji wake alikuwa Warda, aliyemaliza kidato cha nne. Yeye alisoma, wao wakafungua boliti.

Matanga yalipokwisha, Ukasha alifika barazani. Mwanamkuu, mama mzazi wa marehemu, aliketi mlangoni. Warda alikuwa ndani, nyuma ya pazia.

"Shemeji, mashine naiuza. Kuna mtu wa Ikwiriri anaitaka. Mimi na Kiingereza hatujuani."

"Mashine ya mwanangu hiyo," alisema Mwanamkuu.

"Najua, Mama. Lakini mwanao alikuwa na mkalimani chumbani. Mimi nina nani?"

Warda aliona kwamba mashine ikienda, gereji ya mumewe ingebaki kijiwe cha wapiga soga.

Kabla mnunuzi hajaja, gari la Mpolandi mmoja aitwaye Marek, asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, likazimika karibu na stendi. Ukasha alitaka kufungua nozeli za mafuta, Marek akamzuia; akaonyesha kwa mikono kwamba ataita gari la kuvuta kutoka Dar es Salaam. Ukasha akapiga picha kioo cha mashine, akamtumia Warda.

Warda akasoma: volti zinazofika kwenye nozeli ni ndogo. Akanakili Kiingereza kile kwenye simu, simu ikakigeuza Kipolandi, akamrudishia Ukasha amwonyeshe mgeni.

Punde Ukasha akapiga simu. "Shemeji, mzungu anacheka! Simu yake inasema neno lile la nozeli kwao ni sindano ya hospitali. Anauliza, kwani gari lina malaria?"

"Mwambie lina degedege," Mwanamkuu akadakia kando ya Warda, "ndiyo maana limekakamaa."

Warda akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Nurdini, kila aliposomewa neno, alikuwa akimwambia, "Jina liache, mke wangu. Niambie kinafanya nini." Basi Warda akafuta yote, akaandika upya kwa Kiingereza chepesi, simu ikakigeuza tena: umeme wa betri haufiki wote kwenye vile vifaa vinavyopuliza mafuta ndani ya injini. Kabla gari halijazima, nani aligusa nini?

Safari hii Marek hakucheka. Aliandika kwamba betri ilibadilishwa njiani asubuhi ile, kabla hajavuka daraja la Ndundu.

Ukasha hakufungua nozeli hata moja. Aliufuata waya wa bodi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari, akakuta boliti yake inacheza. Aliyefunga betri aliiacha hivyo. Alipoikaza, gari likawaka.

Jioni alirudi barazani.

"Yule wa Ikwiriri nimemwambia asije."

"Hukuniuliza," Warda alisema kutoka ndani.

"Ningekuuliza, ungesema niuze?"

"Hapana."

"Sasa?"

Mwanamkuu akamwambia aache maneno, anywe chai.

Eda itakwisha mwezi wa Shaabani. Kwa sasa picha za mashine zinaingia kwenye simu ya Warda kutwa nzima, naye anazisoma.