Nimemtoa Mtoto

"Sema kwa sauti," hakimu Mzungu alisema, na mkalimani akanigeuzia Kiswahili.

Nilikuwa nimesimama katikati ya mahakama ya Tanga, ncha ya kanga nimeiuma kwa meno. Mimi hata darasani nikiitwa jina huitika kwa kichwa. Mara mbili mwalimu ameniandika sikuja, nami nimekaa mbele yake.

Kizimbani alikuwa Bibi Mwanamkasi, mkunga wa mtaa wetu, aliyempokea mama yangu alipozaliwa, akaja akanipokea na mimi. Asubuhi ile ndipo tuliposikia shtaka lake: kumtoa mimba mpwa wake, Semeni. Adhabu yaweza kufika miaka kumi na minne. Bibi alikuwa na sitini na kitu. Nikaanza kuhesabu kwa vidole ndani ya kanga, nikaacha.

Na aliyemfikisha pale ni mimi.

Bibi hakujua kuandika, barua zake nilimwandikia mimi. Siku moja alinitamkia maneno ya kumpelekea dada yake kule Moa: "Mimba ya Semeni ilituhangaisha sana, lakini alhamdulillahi, juzi nimemtoa mtoto. Semeni hajambo, kesho anarudi kwa mumewe Ushongo." Nikaandika vile vile. Barua ikadondoka ndani ya basi, ikaokotwa na koplo mmoja mgeni, mtu wa bara.

Koplo alipobisha hodi, Semeni keshaondoka na mwanawe. Akauliza, "Wewe ndiye uliyemtoa mtoto wa Semeni?"

Bibi alidhani anasifiwa. Akajitanda vizuri. "Mimi, kwa mikono yangu hii! Kwani mtaa huu mtoto gani sikumtoa?" Akaninyooshea kidole. "Hata huyu Sabiha nimemtoa mimi!"

Koplo akaandika, akaandika, akaomba karatasi nyingine.

Sasa mimi niliitwa niseme tu kama mwandiko ni wangu. Nikasema ndiyo. Mkalimani akaniashiria nikakae. Juu ya meza palikuwa na kitabu cha sheria, kinene kama mto wa kulalia, na nikajiuliza kama humo ndani arobaini imetajwa hata mara moja. Nikamtazama Bibi. Alinitazama kama anavyomtazama mzazi anayeogopa uchungu: haya, mwanangu, sukuma.

"Bwana hakimu," nikasema, "kwetu mtoto akizaliwa hukaa ndani na mamaye siku arobaini. Halafu bibi humtoa."

"Humtoa wapi?"

"Nje!" Sauti ilinitoka kubwa, mimi mwenyewe nikaruka. "Uani! Akaone jua!"

Mahakama nzima ikacheka. Mkalimani alikuna shingo, akachukua muda mrefu kutafsiri neno moja. Koplo aliinamia viatu vyake. Lakini hakimu hakucheka.

"Na mtoto mwenyewe yuko wapi?"

Tulikuwa tumempelekea Semeni habari tangu siku Bibi alipokamatwa. Saa sita hivi lori la nazi la tajiri Amirali likafunga breki nje, na kabla hatujamwona mtu tukasikia kilio, kile cha mtoto aliyekatizwa ziwa. Semeni akaingia na vumbi lake. Mkalimani akainuka, kwa mazoea tu.

"Kaa," hakimu akamwambia. "Hilo nimelielewa."

Bibi akaachiwa, tukarudi nyumbani kwa lori lile lile, kwa vigelegele, na dereva akipiga honi bila sababu. Koplo naye tulimkuta njiani, Bibi akasimamisha lori, akamwita, "Njoo umshike, baba, ushahidi wako huu!" Akamshika kweli, kwa mikono iliyonyooka kama amebeba sinia la chai. Mtoto akamkojolea. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Ukumbini, Bibi alinyoosha miguu.

"Leo nimepona kwa kuwa mtoto yupo," akasema. "Wako ambao mimba imewaharibikia yenyewe, hawana cha kuonyesha. Wako wanaonijia wakilia, yamewafika mazito kuliko hayo. Koplo akija kwa hao?"

Nikaiuma tena ncha ya kanga.

"Ungesimama, Sabiha?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Sijasikia."

"Ningesimama, Bibi."

Akanisogezea kalamu na karatasi. "Basi mwandikie dada yangu, hajui hata kama mtoto kazaliwa. Mwambie nimemtoa." Akanikazia macho, kicheko kimembana. "Na tia *nje*."