Vikabichi Vinavyosubiri Baridi

Kagaruki alikuwa kwenye shina la tano la vikabichi, amepiga magoti, anabana vipande vya barafu kati ya majani na kuvifunga kwa kamba ya mgomba visianguke. Ukungu wa Kamachumu ulikuwa bado umekaa juu ya kibanja chao cha migomba, na vidole vyake vilikwisha kufa ganzi. Jambo hilo lilimfurahisha. Kama yeye anaumia, mboga nayo itakuwa inasikia.

"Shemeji, fanya haraka, waitu, tafadhali," alisema Audax, aliyeshika kiroba. "Hii barafu inageuka maji ya kunywa."

Audax, mdogo wake Consolata, mke wa Kagaruki, alikuwa dereva wa bodaboda Bukoba mjini. Alitoka huko kabla hakujapambazuka, kiroba kimefungwa nyuma yake, kikamvujia njia nzima. Suruali ilikuwa imelowa upande wa nyuma tu. Aliposimama Muhutwe kukaza kamba, mama mmoja alimwonea huruma akamwonyesha choo kilipo.

Yote haya yaliletwa na pakiti ya mbegu. Mwaka uliopita, mgeni wa usharika kutoka nchi ya baridi aliwaachia kama zawadi. Binti yao Nancy, mwalimu huko Kahororo, aliwasomea maandishi ya nyuma: hizi ni kabichi ndogo kama limau, zinapanga foleni kwenye shina kutoka chini hadi juu, na zisivunwe mpaka zipigwe na usiku mmoja wa barafu. Hapo ndipo uchungu hutoka.

Kagaruki alitii. Alisubiri Juni yote. Julai baridi ilikuja, barafu haikuja. Alitundika kipimajoto cha homa kwenye kijiti katikati ya tuta, akakisoma kila alfajiri kwa wiki tatu na kuandika daftarini. Kipimo kile kilianzia thelathini na tano, kwa hiyo kurasa zote zilisema jambo moja: bustani haina homa.

Sasa Agosti ilikuwa inaisha. Consolata alikuwa amekwisha kuchagua mbegu za maharage, na kipande kile cha ardhi kilikuwa chake tangu alipoolewa. Alimwambia mumewe mara moja tu, bila kupaza sauti: "Leo mchana naonja. Vikiwa vichungu, nang'oa mashina yote thelathini."

Barafu iliishia shina la kumi na moja. Kagaruki alinusa vidole vyake.

"Umeitoa wapi hii?"

"Mwaloni, kwa wauza samaki. Sangara alikuwa ameilalia. Dukani kwa Manish kuna vipande vya kutia kwenye juisi tu."

"Inanuka."

"Inanuka baridi, shemeji."

Saa tatu walikuja paka wawili. Saa nne walikuwa saba, na mmoja wao Kagaruki alimtambua kuwa ni wa mchungaji, kwa hiyo alimfukuza kwa adabu. Audax aliwazungukia wengine akipunga kiroba kitupu, nao wakadhani anawaletea zaidi.

Consolata alitokea jikoni na sufuria. Alisimama akawatazama.

"Baba Nancy, hawa nao ni wageni wa usharika?"

Hakungoja jibu. Alichuma vikabichi kutoka mashina yaliyofungwa, na kwa ombi la Kagaruki akachuma kimoja kutoka shina lisilopata barafu, kikachemshwa peke yake. Kagaruki alikaa na daftari, kalamu mkononi.

Mkewe alianza na kile cha peke yake. Alikitema nje ya mlango.

"Mawe, mama yangu! Andika: dawa ya minyoo."

Kisha akaonja cha barafu, pamoja na kipande cha ebitoke, ndizi ya kupika. Akatafuna, akatazama dari.

"Kichungu?" aliuliza Kagaruki.

"Ngoja." Akachukua kingine. "Bado sijajua." Akachukua viwili.

"Mama Nancy, niandike nini?"

"Kina ladha ya sangara."

"Ni vibaya?"

"Nimesema ni vibaya?"

"Sangara asiye na miiba," alisema Audax.

"Wewe kaanike suruali." Alikomba sufuria. "Haya. Kumi na moja yabaki. Kumi na tisa nang'oa."

Kagaruki alifunga daftari polepole. "Nipe kesho. Hayo kumi na tisa hayajapata nafasi yake."

Consolata alitoka nje, akatazama upande wa ziwa. Mawingu yalikuwa bado mbali; maharage yangeweza kungoja.

"Kesho moja," alisema. "Audax, lete viroba viwili. Na uchague sangara mnene."

Audax aliguna, akaondoa pikipiki akiwa amesimama, maana kiti kilikuwa bado kimelowa. Kagaruki alirudi kwenye tuta. Alikata kamba kumi na tisa za mgomba, akaweka moja chini ya kila shina lililobaki, kisha akatafuta fimbo, kwa sababu paka wa mchungaji alikuwa amejilaza kwenye shina la kumi na mbili na haonyeshi dalili ya kuondoka.