Siku Mkanda wa Tatu Ulipokuwa wa Mwisho

Kazi yangu ilikuwa kuendesha mashine ya sinema, miaka ishirini na sita, ndani ya chumba kidogo juu ya ukumbi chenye joto la kuoka mkate. Tangu nistaafu sina kazi ila kuzungumza, na wanaonisikiliza wameniita Mzee Chumvi, eti kwa sababu niliwaambia kwamba farasi mmoja wa kwenye picha alipiga chafya mpaka watu wa safu ya mbele wakajifuta uso. Hilo nitalitetea mpaka kaburini. Ila hili ninaloandika leo sikuongeza kitu, na ningekuwa na uwezo ningepunguza.

Kila Jumamosi mchana tunakutana kwenye duka la kushona la ndugu wawili. Mkubwa hukata vitambaa, mdogo hukaa kwenye cherehani. Yule mkubwa tunamwita Dereva, ingawa hajashika usukani zaidi ya miaka arobaini. Wa nne wetu ni Dada Nesi, mstaafu wa wodi ya wazazi, ambaye ulimi wake unachoma kuliko sindano zake zote. Tunajibana katikati ya marobota ya vitambaa na kubishana juu ya sinema za zamani: stelingi gani, yaani shujaa wa picha, alianguka kutoka kwenye farasi mwenyewe na yupi alikodiwa mtu wa kuanguka badala yake, na ile picha ya wafalme na mapanga ambamo askari mmoja kavaa saa ya mkononi.

Ubishi usiokwisha ulikuwa wa picha ya kituoni. Jina lake hatukulijua, na maneno yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu mjini aliyeielewa, lakini kisa kilieleweka hata kwa kiziwi. Marafiki wawili wanapendana kama pacha. Mmoja anasimama mahakamani na kumtaja mwenzake, na mwenzake, ambaye ndiye stelingi, anafungwa. Anatoka jela mvi zimemjaa. Halafu wanakumbatiana kwenye kituo cha treni, moshi umewafunika, muziki unapanda. Mwisho.

"Hawakumbatiani mwishoni," Dada Nesi alikuwa akisema, mwaka baada ya mwaka. "Rafiki anakuja kugonga mlango, stelingi anamfungia. Niliiona kwa macho yangu, ukumbi wa ng'ambo ya reli."

"Ulikuwa umetoka zamu," Dereva anamjibu. "Ukasinzia, ukaota mlango."

"Kaka amesema kweli," mdogo mtu anadakia bila kuinua macho kwenye mshono. "Wanakumbatiana."

Mimi hapo hukohoa, nikabadili mazungumzo.

Dereva alikuwa na sababu ya kuitetea picha ile. Zamani aliendesha mabasi ya kampuni, na mdogo wake alikuwa kondakta kwenye basi hilohilo. Asubuhi moja basi likaacha barabara na kuingia kwenye ukuta wa ghala. Abiria wawili walivunjika miguu. Dereva akasema usukani ulikatika. Mdogo wake akaitwa ofisini, akasema kaka alisinzia. Dereva akafukuzwa na leseni ikachukuliwa. Kwa miaka saba hakumsemesha ndugu yake, hata kwenye msiba wa mama yao walipokezana jembe kupitia mtu wa tatu. Kisha akaingia sinema onyesho la saa kumi, akaona watu wakikumbatiana kituoni, na kesho yake alfajiri akaenda kugonga kwa mdogo wake. Tangu hapo wanakula pamoja na kushona pamoja.

"Mimi picha ile ndiyo iliyonirudishia ndugu," husema, na hapo hata Dada Nesi huacha kubisha.

Jumamosi iliyopita Dada Nesi aliingia anacheka peke yake. Binti yake aliye ng'ambo alikuwa ameulizia kisa chake mpaka akaipata picha yenyewe, nzima, akaituma ndani ya kijiti cha flashi. Dada Nesi akakichomeka kwenye televisheni ya duka, akavuta kigoda, akakunja mikono kama anayesubiri mgonjwa akiri kuwa hakunywa dawa.

Nikasema macho yangu yanaumwa, tuitazame siku nyingine. Hakuna aliyenisikiliza. Dereva akaweka mkasi chini.

Ilipofika nusu saa hivi, wale marafiki wakakumbatiana kituoni. Wote wawili vijana, nywele nyeusi tii.

"Wameiweka mapema," Dereva akasema.

Mahakama ikaja, jela ikaja, mvi zikaja. Halafu ikaja sehemu ambayo ukumbi wangu haukuwahi kuiona: nyumba ndogo, rafiki mzee amekonda, anagonga mlango na kofia mkononi. Stelingi anafungua. Anamtazama. Mimi niliomba wakati ule, wallahi, kama vile picha inaweza kubadilika kwa maombi. Stelingi akausukuma mlango taratibu mpaka ukafunga, na kioo kikawa cheusi.

Nilidhani Dada Nesi atashangilia. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Dereva akanigeukia. Alikuwa amebadilika rangi. "Chumvi. Ile niliyoiona mimi ilikuwa nini?"

Nikaona sina pa kukimbilia. Nikawaeleza. Nakala ilikuwa moja kwa kumbi mbili. Wenzetu wa ng'ambo ya reli walianza saa moja kabla yetu, na kila mkanda ukiisha, mtu wa baiskeli aliuleta kwetu ndani ya mkebe wake. Picha ile ilikuwa na mikanda minane. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kwao na ya kwanza kwetu. Mwenye baiskeli akachanganya mikebe, akaniletea wa nne badala ya wa tatu. Watu walishaanza kupiga miluzi, nikauweka. Wa tatu ukanifikia tukiwa kwenye wa saba. Wa nane ukadondoka kwenye mtaro wa maji machafu, haukufaa tena hata kufungia maandazi.

"Nikawa na mkanda mmoja mkononi na ukumbi umejaa," nikasema. "Nikauweka huo. Watu wakalia, wakapiga makofi. Mwenye ukumbi akaniambia, usiguse kitu. Wiki nzima tukaonyesha hivyo."

"Na nywele?" Dada Nesi akauliza kwa sauti ndogo. "Mwishoni wakawa vijana tena?"

"Watu walisema stelingi amepaka rangi."

Hakuna aliyecheka. Dereva alikuwa anatazama viganja vyake juu ya meza ya kukatia.

"Kwa hiyo mimi nilisamehe," akasema, "kwa sababu mkebe ulianguka mtaroni."

Hapo nikaona nimeua kitu. Miaka arobaini ya watu wawili, nami niliishona kwa mkanda usio wake, na sasa uzi umeshikwa mwisho unavutwa. Nikageuka kumtazama mdogo mtu, nikitegemea kumkuta ameinama. Alikuwa amesimama nyuma ya cherehani.

"Mimi nilijua, kaka."

"Ulijua nini?"

"Niliiona kule ng'ambo ya reli, siku mbili kabla yako. Nzima." Akauweka mshono kando. "Ulipokuja kugonga alfajiri, ukasimama mlangoni ukasema, jana nimeona picha ya kituoni, ndiyo maana nimekuja. Nilidhani umekuja kunitamkia kwamba undugu umekwisha. Halafu ukanikumbatia. Sikuelewa kitu, ila sikuuliza."

Dada Nesi akageuka polepole. "Wewe. Miaka yote hii unaniita msinziaji, na picha tuliiona ukumbi mmoja?"

"Nisamehe, dada. Ningekubaliana na wewe, kaka angeanza kujiuliza."

Dereva akasimama. Kigoda kikaanguka nyuma yake na hakukiangalia. "Umenidanganya miaka arobaini. Kila Jumamosi. Mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Ukinitazama usoni."

"Pale ofisini nilisema kweli, kaka, ukaninunia miaka saba," mdogo wake akasema. "Safari hii niliona bora niseme uongo."

Nimeona milipuko mingi kwenye kitambaa kile cheupe cha sinema, lakini sijawahi kuona neno likimpiga mtu vile. Dereva alishika ukingo wa meza. Nilijua anakwenda mlangoni, na Dada Nesi pia alijua, maana alisogeza miguu kumpisha. Tukasubiri. Nje mtu aliita bei ya kitunguu, akapita.

"Nililala," Dereva akasema.

Sikuelewa. Nadhani nilikuwa bado nawaza sinema.

"Lile basi. Usukani haukukatika." Alisema akiutazama ukuta, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Nililala. Nilishtuka ukuta uko kwenye kioo."

Mdogo wake akazunguka cherehani, akaokota kigoda, akakisimamisha nyuma ya kaka yake.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Kaa chini, kaka."

Akakaa.