Kengele ya Kondo

Miaka yote aliyochukua samaki Kunduchi, Kondo wa Mwishehe alikuwa na baiskeli isiyo na kengele, na hakuna aliyepata kumwambia kwamba anaihitaji. Alikuwa na mdomo. Akimkuta mtu mbele yake barabarani humwita, "Nakuja nyuma yako, mama!" au "Nipishe bwana, samaki hawa wana haraka!" na mtu humpisha huku anacheka. Wazee aliwashukia kabisa: mguu chini, shikamoo, kisha ndipo apande tena. Tenga limejaa nguru na changu, limefungwa kwenye keria kwa mpira, maji ya samaki yanamdondokea kisiginoni, na bado alishuka. Ndivyo alivyolelewa, na aliyemlea ni mama yake, Bi Tabu, aliyeuza vitumbua pale Kinondoni mpaka miguu ilipomkataa.

Kengele aliinunua kwa ajili ya mtu mmoja tu, na aliinunua kwa chuki.

Mtu huyo aliitwa Revelian. Alikuwa karani wa bohari moja mjini, mtu wa Bukoba, mrefu, kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, soksi mpaka magotini na kofia ya pama kichwani. Kila asubuhi alishika barabara ya Bagamoyo kwenda kazini kwa baiskeli nyeusi iliyong'arishwa, na sheria za barabarani alizijua kama sala. Alikaa kushoto, karibu na majani. Akitaka kukata kulia alinyoosha mkono mapema mno, akauacha umenyooka hata watu wakaulizana anawaonyesha nini. Taa yake iliwaka, breki zake zilishika, na kila aliyekuwa mbele yake, mkubwa kwa mdogo, alimpigia kengele. Mbuzi, krin krin. Bibi kizee na ndoo yake kichwani, krin krin.

Kinondoni walimchukia kwa kengele ile. Watu wa pwani hawapendi kufukuzwa kwa nyuma kama kuku. Mtu huitwa, husemeshwa, akapisha kwa hiari yake. Revelian yeye alijiona amefanya adabu zote zilizopo duniani, na ubaya wenyewe ni kwamba aliamini hivyo kwa moyo safi.

Chuki ya Kondo ilianza siku Bi Tabu alipozikwa. Jeneza lilitoka nyumbani asubuhi, likashika barabara kuu kuelekea makaburini, wanaume wakipokezana bega kwa bega, Kondo mbele. Lori la mchanga lilisogea pembeni, dereva akazima injini. Wauza mkaa waliokuwa wakitoka Goba walishuka, wakaziegemeza baiskeli zao kwenye mnazi na kuja kutia mabega hatua chache. Hata gari la Mzungu mmoja lilisimama, na yeye hajui Bi Tabu ni nani. Kisha, nyuma ya watu wote, ikasikika krin krin.

Watu waligeuka. Revelian alikuwa juu ya baiskeli, anapita upande wa kulia polepole, kwa nafasi ya kutosha, kama alivyofundishwa. Alipolifikia jeneza alivua kofia, akaiweka kifuani, akalipita hivyo huku akiendesha kwa mkono mmoja. Mbele kidogo akaivaa tena na kwenda zake kazini.

Kondo alikuwa na mama yake begani. Hakuweza kumtupa chini akamkimbilia mtu. Alimsindikiza kwa macho tu. Maiti kupigiwa kengele apishe njia! Kisha mpigaji anamnyanyulia kofia, kama anayeaga watu kwenye karamu! Baada ya kufukia kaburi, udongo bado uko mikononi, Kondo alisema mbele ya waombolezaji wote, "Naye atafiwa. Siku hiyo nitapita nyuma ya jeneza la mtu wake na kengele, na nitaipiga mpaka wamshushe kaburini." Wengine wakasema astaghfirullah. Wengine, na ndio waliokuwa wengi, wakasema haki yako.

Matangani alikuja mwanamke mmoja peke yake, amejitanda kitenge, mkononi ana kifurushi cha jani la mgomba. Alikuwa Auleria, mke wa karani. Kinondoni walimjua kwa kununua samaki bila kubishana na kwa kupiga goti kidogo kila aliposalimu. Alimpa Kondo kile kifurushi kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na buni za kahawa za kutafuna, ambazo kwao huwekwa mbele ya mtu anayeheshimiwa.

"Pole sana, kaka Kondo," alisema. "Bwana alivua kofia. Kwetu sisi..."

"Nani alimwomba kofia?" Kondo alimkata. "Mumeo hana miguu, mpaka atume mwanamke? Rudi kwako, bibi, na mbegu zako."

Alimrudishia kifurushi mbele ya watu. Auleria alikipokea kwa mikono miwili vilevile, akaondoka.

Wiki ileile Kondo alikwenda kwa Sadallah, fundi baiskeli mwenye kibanda kando ya barabara, akamwambia anataka kengele. Sadallah, ambaye hakuna ugomvi wa Kinondoni uliompita bila kutia kuni, alimchagulia ile kubwa kuliko zote, kuukuu, yenye sauti ya kuamsha mtaa. Ilikuwa na kasoro moja: ndani ilikuwa imelegea, hata baiskeli ikiingia shimoni hupiga yenyewe. "Hiyo ndiyo nzuri," Sadallah alisema. "Itamtukana hata mkono wako ukichoka."

Basi ikawa vita. Kondo akirudi na samaki na kumkuta karani mbele, humwandama krin krin krin mpaka karibu na mjini, bila kumpita. Revelian akipunguza, Kondo anapunguza. Akisimama, anasimama. Asubuhi moja Kondo alimbana kushoto makusudi huku lori linakuja nyuma yao, na Revelian akaingia mtaroni na baiskeli yake, kaptula nyeupe ikageuka ya udongo. Lori lilipita karibu na mguu wake. Pale Kondo alikosea, na alijua amekosea, maana mama yake angemnasa kibao.

"Utaua mtu, mshenzi wewe!" Revelian alipiga kelele kutoka mtaroni. "Huna taa, huna breki, hujui hata mkono wa kushoto ni upi!"

"Najua kushuka mtu akifa," Kondo alimjibu. "Wewe uliyesoma hujui."

Revelian alimwangalia kama asiyeelewa anaambiwa nini. Kondo akadhani ni kiburi.

Kisha siku zikapita karani haonekani barabarani. Kondo alifurahi. Aliwaambia wenzake sokoni kwamba amemhamisha, kwamba sasa karani anajificha kwenye basi. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna mgonjwa, kwa sababu watu wa mtaa walikwisha kuacha kupita nyumba ile.

Asubuhi aliyolikuta jeneza, tenga lake lilikuwa limejaa na jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Aliona mbele watu wachache wenye suti nyeusi na kanzu za kanisani, wamebeba sanduku la mbao kwa tabu, maana wabebaji walikuwa hao hao bila wa kuwapokea. Kando ya barabara watu wa Kinondoni walisimama milangoni, wamefumbata mikono. Hakuna aliyeongeza bega lake. Baiskeli ya Kondo ilipita juu ya mawe, ile kengele ikalia yenyewe, na kichwa cha aliyekuwa nyuma ya sanduku kikageuka. Alikuwa Revelian.

"Kondo!" Sadallah aliita kutoka kibandani, anacheka. "Siku yako hiyo, baba! Uliapa!"

"Nani kafa?"

"Mkewe. Homa. Piga, bwana!"

Kondo alishuka. Hakujiuliza; mguu ulikwenda chini wenyewe, kama ulivyokwenda kwa kila mzee na kila maiti maisha yake yote. Lakini alipoanza kuisukuma, gurudumu likaingia kwenye shimo na kengele ikalia tena, krin, katika kimya kile. Aliifunika kwa kiganja, akaibana.

"Lete nikupigie mie," Sadallah alisema, amekwisha kutoka kibandani amenyoosha mkono, "kama wako umekufa ganzi!"

"Ukiigusa nitakuvunja vidole," Kondo alisema. Angependa kumwachia mtu baiskeli ile akatie bega, lakini pale barabarani hapakuwa na hata mmoja ambaye asingeipiga. Akaendelea kuisukuma kwa mkono mmoja, wa pili umeifumba kengele.

Revelian alikuwa amesimama njiani anamngoja. Macho yalikuwa mekundu, ndevu hazikunyolewa. "Piga," alisema. "Nimeambiwa uliapa. Piga, tumalize."

Ndipo Kondo alipoona vichwa. Wanaume wote nyuma ya sanduku lile walikuwa vichwa wazi katika jua, wazee kwa vijana, na kila mmoja kofia yake kaishika mkononi au kaibana kwapani. Revelian alikuwa na ile pama kifuani, ameishikilia palepale alipoishikilia siku ya Bi Tabu. Kondo akasikia tena sauti ya mwanamke na kifurushi chake: Bwana alivua kofia, kwetu sisi... Akafahamu sentensi ile ilikuwa inakwenda wapi. Hakumpenda Revelian kwa kulifahamu hilo. Alizidi kumchukia, maana sasa chuki yake haikuwa na mahali pa kusimama.

"Sipigi," alisema.

"Basi vua kofia."

"Kwetu hatuvui."

"Basi rudi nyuma, usimfuate mke wangu."

"Sirudi. Wewe sikukushukia, na sitakushukia mpaka kiama. Nimemshukia yeye."

Sanduku lilikuwa linatangulia, Revelian akageuka kulifuata. Kondo akaja nyuma, kofia yake ya kiua kichwani, kiganja juu ya kengele. Barabara ile ilikuwa na mashimo mpaka makaburini. Kila shimo kengele ilitaka kulia, ikamgonga kiganjani, akaibana zaidi. Samaki walipigwa na jua na nzi wakaja. Watu wa milangoni walimtazama akipita. Wengine walitema mate chini, na mwuza mkaa mmoja aliyekuwa anatoka Goba akashuka, akaegemeza baiskeli yake na kwenda kutia bega.

Alisimama na baiskeli nje ya makaburi mpaka walipomaliza. Revelian alipotoka alimkuta bado yupo, mkono bado uko palepale, vidole vimekaza.

"Unangoja nini?" Revelian aliuliza.

"Alikuja kwangu matangani," Kondo alisema. "Na buni. Alitaka kunieleza habari ya kofia yako. Sikumwacha amalize, nikamfukuza."

Revelian hakuwa na habari. Ilionekana usoni mwake kwamba hakuwa na habari hata kidogo, na kwamba mkewe alibeba aibu ile mpaka nyumbani, akaitia ndani, akampikia mumewe chakula bila kusema.

"Ulimfukuza Auleria," alisema.

"Nilimfukuza."

Revelian alivaa kofia. "Ondoka na samaki wako," alisema. "Usinisemeshe tena. Barabarani usinisemeshe."

Kondo aligeuza baiskeli. Soko lilikuwa limekwisha kumpita na samaki walikuwa wameanza kunuka, kwa hiyo alirudi Kinondoni kwa njia ileile, kwa miguu. Kiganja kilimuuma lakini hakukifungua. Aliifumba kengele mpaka alipoipita nyumba ya karani, ingawa ndani hapakuwa na mtu wa kuisikia.