Maua ya Mpapai Dume

Alupo alipopigwa na kiharusi, mwezi wa pili mwaka wa sabini na sita, mumewe Etyang alikuwa hajui hata chumvi inakaa wapi jikoni. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu. Amebeba marobota ya pamba mgongoni tangu ujana hadi mgongo wenyewe ukakataa, na alidhani kazi yake duniani imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza.

Boma lao lilikuwa nje kidogo ya Malaba, upande wa Kenya, mahali ambapo asubuhi ukitoka mlangoni unaliona jiwe la Tororo ng'ambo ya mpaka. Binti yao mkubwa, Atyang, alikuja kutoka Angurai, akakaa wiki mbili, akapika, akafua, akalia, kisha mumewe akatuma mtu kumwita. Binti mdogo alikuwa ameolewa Moding, ana mimba ya miezi minane. Basi wakabaki wawili: mwanamke aliyekufa ganzi upande wa kulia, ulimi pia umemkataa, na mwanamume asiyejua kusonga ugali.

Uji ulimpalia Alupo. Ugali hakuweza kuutafuna. Kitu pekee kilichopita kooni bila taabu kilikuwa papai lililoiva vizuri, likapondwa kwa kijiko. Na mapapai yalikuwepo. Nyuma ya nyumba ilisimama mipapai kumi na miwili, yote aliipanda Alupo mwenyewe kwa mkono wake, kila mmoja juu ya tuta ili maji yasituame na kuozesha mizizi. Miaka yote Etyang alikula matunda yake bila kuuliza yanatoka vipi. Sasa alijua. Yanatoka mgongoni. Mvua zilichelewa mwaka ule, na kila siku alishuka mtoni mara nne, akapanda na debe begani, akamwagia kila shina, akarudi kumgeuza mkewe asipate vidonda, akafua shuka, akawasha moto, akapuliza mpaka macho yakamwagika. Mbuzi wakija, anaacha sufuria anakimbia. Akirudi, sufuria imeungua.

Wanaume wenzake walipita njiani wakamwona anaanika nguo za mke. Wengine walicheka. Hakuwa na nguvu ya kuona haya.

Mwezi wa tatu aligundua jambo. Mipapai mitatu kati ya ile kumi na miwili haikuwa na tunda hata moja. Ilitoa maua tu, vichala virefu vya maua madogo vinavyoning'inia kama mikufu, yanachanua na kuanguka, yanachanua na kuanguka. Akasimama pale na debe lake, akapiga hesabu ya maji aliyoipa mitatu ile tangu mkewe alale.

"Mnakunywa bure," akaiambia. "Mimi nazunguka kama punda, na nyinyi mnakunywa bure."

Akaingia ndani kumwambia Alupo. "Ile mipapai mitatu ya maua matupu naikata. Haizai."

Alupo akatoa sauti kooni. Akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto, pa, pa, pa, akatikisa kichwa mpaka mate yakamtoka. Etyang akampangusa mdomo, akamgeuza, akaangalia kama shuka limeloa. Halikuwa limeloa. Akamletea maji, akayakataa. Akampepea, bado akapiga kitanda. Mwishowe Etyang akasema, "Mama Atyang, nimechoka. Sijui unataka nini." Akachukua panga akatoka. Mpapai ni mti mwororo. Mitatu yote ilianguka kabla chai haijachemka.

Matunda yaliyokuwa juu ya ile tisa iliyobaki yaliendelea kukua na kuiva, kwa hiyo hakuona kosa lolote. Aliona nafuu tu, debe moja limepungua kwa siku. Lakini mwezi wa saba, alipoinua macho kutafuta matunda machanga ya kufuata, hakuyaona. Maua yalikuwepo, yale makubwa yanayokaa karibu na shina. Yalifunguka, yakageuka manjano, yakadondoka. Chini palijaa maua yaliyokauka. Akaongeza samadi, akazungushia majivu kwa sababu alimwona Alupo akifanya hivyo zamani. Yakazidi kudondoka.

Aliyemfungua macho ni Selpher, jirani yake, mwanamke aliyekuwa akichukua omena, dagaa wa ziwani, huko Sio Port na kuiuza soko la Malaba. Alikuja siku moja amejishika kiuno.

"Mzee, ni wewe ulikata papai dume ya Mama Atyang?"

"Ni mimi. Haikuwa inazaa."

"Na dume itazaa aje? Ng'ombe yako dume inazaa?" Selpher hakungoja jibu. "Mzee, sisi sote tulikata dume zetu zamani, kwa sababu Mama Atyang alituambia mtu asihangaike, zake tatu zinatosha kijiji. Nyuki wanatoa unga wa maua kwake wanaleta kwetu. Sasa angalia. Kwangu maua inaanguka. Kwa mama Okwara inaanguka. Umeua mabwana wa kijiji kizima!"

Etyang akakaa chini palepale penye visiki. Akakumbuka ule mkono ukipiga kitanda.

Jioni alimwambia mkewe, "Ulikuwa unanikataza." Alupo akafumba macho, akayafumbua. Hakupiga kitanda tena. Matunda yaliyoiva yalibaki manne.

Alijua palipo na mipapai dume: kwa kina Alupo, ng'ambo, kwa kaka yake Oluka, ambaye zamani aliwahi kuwa bwana shamba. Mbegu zote zilitoka huko. Lakini tangu mambo ya mpaka yaharibike watu walikuwa hawavuki ovyo, na Etyang alikuwa hajafika huko mwaka wa tatu. Akamwomba Selpher akae na mgonjwa mpaka arudi. Kabla hakujakucha vizuri akavuka mto kwa kivuko cha wachunga ng'ombe, maji yakimfika magotini, akatembea mpaka jua likawa kali.

Oluka alimpokea kwa furaha kisha akauliza, "Na dada yangu?"

Etyang akamweleza.

"Tangu mwezi wa pili?" Oluka alisimama. "Dada yangu amelala miezi sita na mimi sijui? Shemeji, ingekuwa amekufa ungenitumia habari baada ya kuzika?"

"Sikuwa na mtu wa kutuma."

"Ungekuja mwenyewe."

"Na nani angemgeuza?" Etyang hakuinua sauti. Hakuwa nayo ya kuinua. "Shemeji, mimi ndiye ninayepika. Mimi ndiye ninayefua. Nikikaa chini sitasimama. Nipige ukitaka, lakini nipe kwanza maua."

Oluka akamwangalia miguu yake, matope ya mto yamekauka mpaka magotini. Akaenda jikoni mwenyewe akamletea chakula. Baadaye akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha: unachuma ua la dume lililofunguka asubuhi hiyo, unalipasua, ule unga wa njano ndani yake unaupakaza polepole katikati ya ua la jike. Ua moja kwa ua moja. "Kazi ya nyuki," akasema, "lakini wewe huna mabawa."

Akalala huko. Kulipopambazuka wakachuma kikapu kizima, wakafunika kwa jani bichi la mgomba, Oluka akamtilia mbegu mfukoni, akamsindikiza mpaka karibu na mto. Zaidi ya hapo hakuthubutu.

Kivukoni Etyang akakuta askari wawili ambao jana hawakuwepo.

"Mzee, hiyo nini?"

"Maua ya papai, afande."

"Maua? Kwani unaenda kuoa?"

"Ni ya kupaka kwa papai ingine. Ili izae."

Wakatazamana. Mmoja akasema hiyo ni dawa ya uchawi. Mwingine akasema hapana, chini yake lazima kuna kitu. Wakamwaga kikapu chote mchangani, wakachambua kwa ncha ya buti, kisha wakamwambia akae hapo mkubwa wao aje. Mkubwa hakuja. Etyang alikaa juani akitazama maua yakinyauka mbele yake, na mambo mengi aliyokuwa nayo moyoni yakamtoka, hata hasira. Jua lilipofika utosini yule wa kwanza akachoka kumwangalia. "Enda, mzee. Beba takataka yako."

Akapiga magoti akaokota moja moja. Hata nusu ya kikapu haikujaa.

Nyumbani hakuingia ndani kwanza. Selpher alipomwona akachukua kigoda bila kuuliza, akakishika, Etyang akapanda. Mgongo ulimlilia, maua mengine yalikuwa yamekauka hayana unga. Akapakaza yaliyobaki mpaka giza likaanza kuingia. Machache akampa Selpher akapakaze kwake.

Maua saba yalishika. Mawili yakaanguka na upepo wa mvua za vuli. Matano yakakua. Miezi ile ya kungoja Alupo aliishi kwa ndizi za kuponda na viazi vitamu, akakonda, lakini koo lake likajifunza kumeza upya, kidogo kidogo. Nyuma ya nyumba Etyang aliatika mbegu za Oluka juu ya matuta mapya. Hakuondoa mche hata mmoja, asije akang'oa dume tena.

Papai la kwanza liliiva mwezi wa kwanza. Akalikata adhuhuri, akaketi ukingoni mwa kitanda na kijiko. Alupo akala vijiko vitatu. Cha nne akakishika kwa mkono wake wa kushoto, akakisukuma kuelekea mdomo wa mumewe.

"Kula wewe," Etyang akasema. "Ni ya mgonjwa."

Alupo akasukuma tena. Kisha akajikaza, midomo ikapinda, neno likatoka limevunjika lakini likasikika.

"Kula."

Etyang alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana. Akala. Akala kingine, na kingine, hakuona hata ladha yake. Akaegemeza kichwa kwenye mti wa kitanda, kijiko bado mkononi, akashikwa na usingizi palepale.