Namba Tisa wa Kompyuta

Mwaka ule serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, Shirika lililokuwa likiinunua peke yake miaka yote lilijibu ushindani kwa kuleta kompyuta moja Musoma. Wanunuzi wapya walikuja na malori. Shirika likaja na kompyuta, na pamoja nayo kijana wa kuiendesha, Pastory, mzaliwa wa Mugango aliyekwenda Dar es Salaam kusomea uandishi wa programu.

Kompyuta ilipewa chumba chenye zulia, pangaboi na kufuli mbili. Pastory alipewa kiti. Siku ya kwanza mpiga taipu wa ofisi, Euphrasia, alimuuliza kazi yake ni nini hasa.

"Naandika programu."

"Za redio?"

"Za kompyuta. Ni maelekezo, dada. Unaiambia mashine ifanye nini, nayo inafanya."

Euphrasia alifikiri kidogo. "Kwa hiyo wewe ni bosi wake."

"Tuseme hivyo."

"Basi utakuwa bosi wa kwanza humu ndani kusikilizwa."

Miezi ya mwanzo Pastory aliishi Musoma kama abiria anayesubiri gari. Alipanga chumba Makoko, na jioni akiwa ufukweni na vijana wenzake aliwasimulia Dar: taa za barabarani, dansi za Jumamosi, magazeti yanayosomwa siku ileile yalipochapwa. Hakutaja kwamba huko Dar alilala kitanda kimoja na binamu yake anayekoroma, wala kwamba uwanja wa mpira aliuona zaidi kwa nje. Musoma gazeti lilifika na habari za mechi ambazo wachezaji wenyewe walishazisahau, na Pastory alibishana nazo hivyohivyo, peke yake, akila sato wa kukaanga.

Kazini alikuwa na muda mwingi wa kuwaza. Umeme ulikatika mara kwa mara, na siku uliporudi, meneja wa mkoa, Bwana Bernado, alileta wageni kuitazama mashine. Akiwapo mgeni haikuruhusiwa kuguswa. "Mashine hii haikosei," Bwana Bernado aliwaambia, akiwa amesimama hatua chache kutoka kwenye zulia. Wageni waliuliza inafanya kazi gani. Alijibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake, kutokukosea.

Ukaja mchezo wa kila mwaka kati ya ofisi kuu ya Musoma na kiwanda cha kuchambua pamba cha Bunda. Musoma walikuwa wanafungwa kila mwaka, kwa kuwa makarani wao walikuwa wanashindana na watu wanaobeba marobota. Safari hii ilikubaliwa wakutane Butiama, ili pasiwe na wa kusingizia uwanja.

"Mwaka huu tunaingia kisayansi," Bwana Bernado alisema kwenye kikao. "Kompyuta itachagua timu."

Pastory aliipenda fikra hiyo kuliko alivyotaka kuonyesha. Ilikuwa kazi ya kwanza ya kweli tangu afike. Jioni aliwapeleka wafanyakazi uwanjani, akawakimbiza, akawapigisha mashuti, akaingiza yote kwenye mashine. Ikamchagua Abdulkadiri, dereva wa lori la ofisi, mtu wa Bunda mjini mwenye miguu mirefu, kuwa namba tisa. Jina la meneja halikuwemo hata benchi.

Bwana Bernado alisoma karatasi, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. "Hii imekosea."

"Mzee, si huwa unasema haikosei?"

"Haikosei ikipewa taarifa kamili. Umeiambia uzoefu?"

"Uzoefu wa mpira?"

"Uzoefu, kijana. Umeiambia nani ana cheo gani? Itajuaje kwamba mimi ni meneja?"

Pastory alirudi kwenye kompyuta akaongeza safu ya vyeo. Mashine, kama alivyomwambia Euphrasia, ilifanya ilichoambiwa. Ikamweka Bwana Bernado namba tisa, mhasibu mkuu golini, na wakuu wa idara wakajaa katikati. Abdulkadiri akawa wa akiba, na pia dereva wa kuwapeleka.

Siku ya mchezo Butiama ilikuwa na jua kali na upepo kidogo. Meneja alivaa viatu vipya ambavyo bado vilikuwa vinalia. Kila mchezaji wa Musoma aliyepata mpira alimpelekea yeye, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuulizwa Jumatatu kwa nini hakumpa. Beki wa Bunda aliyepangwa kumkaba alikuwa anasubiri kupandishwa daraja, kwa hiyo alimkaba kwa heshima, akimpisha na kumwambia pole. Hata hivyo Bwana Bernado hakufika golini. Upande wa pili wabeba marobota hawakuwa wanasubiri daraja lolote. Walifunga, wakafunga tena, na la tatu mhasibu mkuu alilisindikiza kwa macho kama mgeni anayeondoka.

Wakati wa mapumziko meneja alikuwa amelala chali kando ya ndoo ya maji, kifua kikipanda na kushuka, midomo imekauka. Euphrasia alimpepea kwa kanga. Watu walimzunguka wakitazamana. Hakuna aliyethubutu kumwambia atoke.

Abdulkadiri alimvuta Pastory pembeni. "Mdogo wangu, huyu mtu atatufia hapa. Mwambie."

"Mimi? Nimwambie nini?"

"Si wewe ndiye mwenye kompyuta?"

Pastory alimtazama yule mzee pale chini. Ana umri wa baba yake, aliwaza, na baba yake, mvuvi, angekuwa na akili ya kubaki ziwani. Akachuchumaa. "Mzee, kuna jambo sikukueleza. Kompyuta ilikupangia kipindi kimoja tu. Cha pili imekuweka kocha."

Bwana Bernado aliinua kichwa. "Imesema kocha?"

"Kocha mkuu."

"Hata mimi nilikuwa nahisi hivyo," alisema, akaomba asaidiwe kuinuka.

Abdulkadiri aliingia na kufunga mabao mawili. Musoma walifungwa matatu kwa mawili, na walirudi wakiimba juu ya lori kama waliotwaa kombe. Meneja, aliyekaa mbele, alimweleza Abdulkadiri njia nzima jinsi alivyomfundisha kufunga.

Toka siku hiyo sifa za mashine zilivuka uzio wa ofisi. Watu walimwomba Pastory aiulize nani atapata nyumba ya Shirika, nani atahamishwa. Karani mmoja alitaka kujua kama mkewe atazaa mtoto wa kiume. Pastory alicheka na kuwaambia haijui. Waliondoka wakiamini kwamba inajua ila yeye ni mchoyo.

Msimu wa pamba ulipokwisha, wakulima wengi wakiwa wamewauzia wenye malori, amri ikaja kutoka juu: wafanyakazi wapunguzwe. Bwana Bernado alimwita Pastory ofisini, akafunga mlango.

"Injinia, tunataka programu ya kupunguza watu. Bila upendeleo."

"Sawa, mzee. Vigezo ni vipi?"

Meneja alimsogezea karatasi yenye majina aliyoandika kwa mkono wake. "Anza na hawa. Vigezo vitafuata."

La kwanza lilikuwa jina la Abdulkadiri. Baada ya Butiama watu mjini walikuwa wanamsalimia dereva kabla ya meneja, na hilo halikuwa limesahaulika.

"Sasa kompyuta ifanye nini?" Pastory aliuliza.

"Iyachape."

Pastory aliyasoma majina mara ya pili. Alikuwa na mshahara, chumba Makoko, na mama yake kule Mugango aliyekuwa akiwaambia wanakanisa kwamba mwanawe anaongea na mashine. "Siwezi, mzee," alisema mwishowe. "Hiyo siyo programu."

"Umesoma mpaka vidole vimekuwa vizito," meneja alimjibu. Kazi akapewa Euphrasia, aipige kwa taipu yake ileile ya zamani.

Wafanyakazi waliitwa kwenye bwalo. Umeme ulikuwa umekatika tangu mwanzo wa wiki, mapangaboi yamesimama, watu wanajipepea kwa kofia. Bwana Bernado alisimama mbele na karatasi. "Mimi sina neno na mtu," alisema. "Kompyuta imechagua."

Watu waliinamisha vichwa kama walioletewa habari za msiba. Pastory alijikuta amesimama. "Mzee, samahani. Kompyuta haijawashwa wiki hii. Umeme hakuna."

"Mashine ya kisasa," meneja alisema bila kusita, "ilishawaza kabla umeme haujakatika."

Wazee wawili watatu walitikisa vichwa kukubali. Jambo lenyewe liliwaingia akilini.

"Haiwazi," Pastory alisema. "Inafanya inachoambiwa. Hata siku ile Butiama si kompyuta iliyokutoa uwanjani, mzee. Ni mimi. Ulikuwa unahema."

Watu waliinua vichwa. Kisha mtu wa nyuma akacheka puani, mwenzake akamfuata, na kicheko kikaenea mpaka kwa wakuu wa idara, waliokifunika kwa kukohoa. Bwana Bernado hakucheka. Aliikunja karatasi, akauliza kwa sauti ya chini ambayo wengi hawakuwa wameisikia kwake, "Nilikuwa nahema sana?"

"Sana, mzee. Tuliogopa."

Euphrasia naye akasema kwamba majina aliyapiga yeye. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuirudisha mashine kwenye mazungumzo. Mtunza ghala, mzee kuliko wote, alipendekeza njia ambayo kila mtu angeielewa: wa mwisho kuajiriwa awe wa kwanza kutoka. Mikono ikanyooshwa bwalo zima. Pastory naye alinyoosha, akiona ni haki tupu, na mkono ulikuwa bado juu alipokumbuka nani aliajiriwa mwisho.

Abdulkadiri ndiye aliyempeleka nyumbani Mugango kwa lori, na godoro lake nyuma.

"Ungenyamaza ungebaki," alisema.

"Na wewe ungekuwa nje."

"Mimi naendeshaga lori. Wenye malori ndio hao wamejaa Bunda, ningepata kazi kabla ya adhuhuri." Alibadili gia. "Lakini umefanya vizuri. Mke wangu angekupikia, ila amekasirika. Alikuwa anataka niende kwa hao matajiri."

Pastory alicheka mpaka akaegemea mlango. Mama yake, Pelagia, aliwapokea uani, akatazama godoro. Aliweka furu, samaki wadogo wa ziwani, jikoni na kumtuma achote maji ziwani. Pastory alivua viatu vya mjini, akakunja suruali, akachukua ndoo.