Kijiji Kisicholalamika

Kila asubuhi, kabla supu yake ya miso haijapoa, Mizobata Sawae alikiegemeza kishikwambi kwenye birika la chai, akajipangusa midomo, akamngoja mwanawe atokeze kutoka Osaka. Kazunari alitokeza akiwa na tai shingoni na mkono mmoja ukitafuta soksi.

"Mama, umeamkaje?"

"Salama tu, mwanangu. Sina neno."

"Goti?"

"Goti zima. Na wewe je, um—"

Hapo Kazunari akaganda, mdomo wazi, soksi hewani. Sawae akamtazama, akanywa supu, akamtazama tena. Mwisho akamfunika kwa kitambaa cha mezani, maana si vizuri kumtumbulia macho mtoto wa mtu akiwa katika hali ile.

Zamani mambo haya walikuwa wakiyacheka. Lakini mwezi wa Juni mtandao ulikatika moja kwa moja, na kwa kuwa simu ya nyumbani nayo ilipita kwenye waya ule ule, na ya mkononi haishiki milimani humo, Kazunari alipiga weee, hakuna kitu. Aliingia kwenye gari akaendesha kutoka Osaka mpaka milima ya Ehime bila kupumzika. Akamkuta mama yake kwenye matuta ya michungwa, kofia kichwani, anang'oa magugu na kuimba. Mtu mzima yule, mkuu wa idara kazini kwake, alikaa chini palepale kwenye udongo akalia.

"Nilijua umekufa, Mama."

"Nife kwa nini, na magugu yamejaa hivi?"

Hakucheka. Alijifuta macho akatoa hukumu yake: "Nakupa mpaka Agosti, siku za kuwapokea wafu wanaorudi nyumbani. Mtandao ukikatika tena hivi kabla ya hapo, unahamia kwangu. Chumba nimeshakisafisha."

Chumba chenyewe Sawae alikijua. Kilikuwa juu sana ghorofani, na dirisha lake lilitazama dirisha la mtu mwingine. Hapa kijijini Kamitaki aliingia akiwa bi harusi, michungwa ile ameipanda yeye na mumewe, na mumewe mwenyewe amelala pale juu, nyuma ya tuta la mwisho. Kumwondoa Sawae Kamitaki ilikuwa ni sawa na kumzika akiwa anapumua, na alilijua hilo kuliko alivyojua jina lake. Lakini alimjibu mwanawe, "Haya, tutaona," kwa sauti ya upole, akamfungia sharubati ya machungwa arudi nayo.

Msinielewe vibaya, Kamitaki waliipenda kampuni yao ya mtandao. Kebo ya Bonde ilikuwa ya hapa hapa, ilianzishwa enzi zile milima ilipowanyima televisheni, na baadaye ikawaletea mtandao wa faiba mpaka kwenye nyumba ambazo kampuni kubwa za mjini hazikujua kama zipo. Ukiwa mzima, mtandao ule ulikuwa moto wa kuotea mbali. Wajukuu waliokuja likizo walishusha filamu nzima kabla hujamaliza kufungua pakiti ya vitafunio, wakasema hata kwao Osaka hawana kasi hiyo, na wazee wakavimba vichwa. Na fundi wake, Ochi, mwanamume wa makamo mwenye shingo iliyoungua jua, alimjua kila mbwa kwa jina.

Shida ilikuwa kiangazi. Wale nyenje wakubwa weusi wanaopiga kelele mitini mpaka masikio yanauma, majike wao hutafuta kijiti kikavu, wakakitoboa, wakatia mayai. Sasa waya mwembamba wa faiba unaoingia nyumbani, machoni pa nyenje, ni kijiti kikavu kizuri kuliko vyote. Wanautoboa, ule uzi wa kioo ndani unaumia, na Kazunari anaganda na soksi yake.

Mwezi wa Julai Ochi alipita Kamitaki kwenye mzunguko wake wa kuwasalimu wateja. Sawae alimkalisha kibarazani, akamletea chai baridi ya shayiri na figili za kuchachua. Jirani yake Shigemi, mjane mwenzake mwenye ulimi kama upupu, akaja na tikiti maji ili asikose habari.

"Haya mama zangu," Ochi akasema, "mtandao unaendaje?"

"Vizuri sana!" Sawae akajibu. Ulimi wake ulishafika kabla yeye hajafikiri. "Tunakusumbueni tu na jua hili. Kunywa chai, baba."

"Haukatiki?"

"Aa. Labda kidogo. Sisi wenyewe ndio hatujui kuutumia."

Ochi akaikuna shingo yake. Akaliangalia tikiti, akaiangalia milima.

"Kule kijiji cha Nakaura," akasema polepole, "wanalalamika sana. Kutwa wanapiga simu ofisini."

"Watu hawana haya!" Sawae akasema kwa uchungu wa kweli. "Na nyinyi mnavyojituma!"

"Wamefungiwa waya mpya. Ule wenye ganda gumu. Nyenje hautoboi."

"Haya, heri yao."

"Hautoboi kabisa," Ochi akarudia, akimtazama Sawae kama mtu anayemwonyesha mwenzake punje ya wali kidevuni bila kuitaja. "Kamitaki ofisini ni mfano, mama. Malalamiko hakuna hata moja. Mkuu wetu kabandika picha ya kijiji chenu ukutani. Waya mpya, bwana, unakwenda kwanza kwa wenye shida. Nyinyi hamna shida, kwa hiyo... nyinyi ni wa mwisho."

Akashukuru kwa chai, akainama, akaondoka. Shigemi alisubiri gari lishuke kona ya kwanza ndipo akapiga goti lake kofi.

"Ewe Sawae! Umesikia ulichoambiwa?"

"Nimesikia kwamba sisi ni mfano."

"Mfano wa wajinga! Mwanamume wa watu kakaa pale anajikuna shingo, anakuomba ulalamike, asiweze kusema mdomoni kwa sababu kampuni ndiyo inayomlisha. Na wewe unamtilia chai! Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Na wewe mbona hukusema?"

Shigemi akachukua kisu. Akakata kipande cha tikiti. "Kaja kutusalimu," akanung'unika. "Ningemwambiaje usoni?"

Ndivyo walivyokuwa Kamitaki nzima. Mtu angevunjika mguu akaomba radhi kwa mlio. Walikuwa wameipenda kampuni yao kwa adabu mpaka wakaifanya kipofu.

Jioni ile wakafanya mazoezi. Shigemi akawa ofisi, Sawae akawa mteja mkali.

"Haloo, Kebo ya Bonde," Shigemi akasema akibana pua.

"Haloo, samahani kwa kuwasumbua mkiwa na kazi nyingi—"

"Hapana! Upya!"

"Haloo. Mtandao wangu... kama hamtajali... una kasoro kidogo, lakini pengine ni kosa langu."

"Mungu wangu. Wewe ukiibiwa utamshikia mwizi taa."

Kesho yake Sawae alipiga simu ya kweli, amesimama wima, aproni amevua. Binti aliyepokea alikuwa na sauti tamu, akamwuliza hali yake na hali ya machungwa. Alipokata simu, Shigemi akamkodolea macho.

"Enhe?"

"Nimewashukuru," Sawae akasema kwa sauti ndogo. "Binti kafurahi sana. Maneno yangu yatasomwa kwenye mkutano wa asubuhi."

Siku mbili kabla ya kuwapokea wafu, mtandao ulikatika. Haukuganda wala kusuasua, ulikufa kabisa, na simu nayo kimya, kwake na kwa Shigemi. Sawae alikaa mbele ya birika akikitazama kioo cheusi. Alijua kwamba huko Osaka mtu anatafuta ufunguo wa gari. Shigemi akapanda kigari chake cheupe cha mizigo akashuka mjini kutoa taarifa, na Sawae, kwa kukosa la kufanya, akaanza kuandaa mapokezi ya marehemu mumewe.

Kwao alikozaliwa, upande wa mashariki, hulichomeka tango vijiti vinne likawa farasi, mfu aje nyumbani mbio. Na bilinganya likawa ng'ombe, arudi ahera taratibu akigeuka nyuma. Huku Ehime hawana desturi hiyo, na Shigemi humtania kila mwaka kwamba mumewe anakuja juu ya kachumbari. Sawae hajali. Mwaka huu alilichagua tango lililopinda vizuri mgongoni.

Alipokuwa anachomeka mguu wa nne, magari mawili yakaingia uani kwa kufuatana. La kwanza la Ochi, lenye ngazi juu, katika siku ambayo watu wote wako likizo. La pili la Kazunari. Akashuka macho mekundu, akamwona mama yake mzima, akashusha pumzi. Kisha akafungua buti, akatoa maboksi ya kuhamia, yamekunjwa, yamefungwa kwa kamba.

Sawae akayaona yale maboksi. Yalikuwa mapya.

Ochi alikuwa ameshapanda ngazi. Kazunari akaenda chini ya nguzo, na Sawae akadhani sasa mwanawe atawasema. Lakini damu ni damu.

"Poleni kwa kazi," Kazunari akasema akiinama. "Samahani kukusumbua siku kama ya leo."

"La hasha, samahani ni yetu," Ochi akajibu akiinama juu ya ngazi, nusura aanguke.

"Si kitu, si kitu. Ni mambo ya kawaida."

Wakainamiana hivyo, mmoja chini mmoja juu, na katikati yao waya uliotobolewa, na maboksi yameegemea ukuta wa nyumba yake. Kitu ndani ya Sawae, kilichokuwa kimekaa kwa adabu tangu alipoolewa, kikasimama.

"Si si kitu!" akapiga kelele.

Wote wawili wakageuka. Sawae alikuwa amesimama kibarazani, tango mkononi.

"Ochi! Mtandao wenu mbovu! Mbovu! Kiangazi chote namfunika mtoto wangu kitambaa kama maiti! Mume wangu anatoka ahera juu ya tango, tango hili hapa, na hufika! Nyinyi mna nguzo, mna vioo, mna magari, mnashindwa kunifikishia mtoto kutoka Osaka? Nitatolewa nyumbani kwangu kwa sababu ya nyenje!"

Ochi akashuka ngazi taratibu. Akavua kofia yake ya kazi. Sawae mara moja akatamani ardhi immeze. Midomo yake ilishaanza kuunda neno samahani.

"Usiniombe radhi, mama," Ochi akasema haraka. "Tafadhali sana. Nimeingoja kauli hiyo miaka." Akakimbia garini, akavuta kipaza sauti cha redio mpaka waya wake ulipoishia. "Ofisi, ofisi, niko Kamitaki. Kuna mteja. Mama, sema upya, vilevile. Na tango pia."

Sawae akasema upya. Tango hakuliacha. Shigemi aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi na kigari chake aliruka chini, akampokonya kipaza sauti akasema, "Na mimi! Nyumba ya pili! Wangu mbovu zaidi!" Akaangua kicheko kama msichana.

Ochi alipounga waya akaondoka, kalazimishwa kubeba figili, Kazunari alikuwa bado ameketi kibarazani.

"Mama," akasema mwishowe. "Miaka yote hii ulikuwa ukimwambia Ochi mtandao mzuri."

"Ee."

"Na mimi kila asubuhi unaniambia huna neno."

Sawae akalisimamisha tango mlangoni, akaliweka sawa, akaliweka sawa tena.

"Basi nipe na yangu," Kazunari akasema. "Malalamiko yangu. Kama uliyompa yeye."

"Hutaweza kuyabeba."

"Nipe, Mama."

Sawae akakaa karibu naye. "Hunitazami," akasema. "Unatafuta soksi. Unaniuliza goti, ukishajibiwa umemaliza. Goti linaniuma, Kazu, linauma tangu mavuno. Kuna siku napakua bakuli mbili za wali, ndipo nakumbuka. Lakini nikikwambia utaleta maboksi, kwa hiyo nasema sina neno. Na Osaka sitaki. Nakupenda kuliko kitu chochote, na Osaka sitaki."

Kazunari akanyanyuka, akayachukua maboksi, akayarudisha kwenye buti. Jioni alipakua wali mwenyewe, bakuli tatu, moja akaiweka mbele ya picha ya baba yake.

Waya wenye ganda gumu ulifungwa kabla ya machungwa kugeuka rangi, na ile picha ya Kamitaki, Ochi aliwaambia akicheka, imeshabanduliwa ukutani.

Asubuhi moja ya baridi Sawae aliegemeza kishikwambi kwenye birika. Kazunari akatokeza, amekaa, soksi amekwisha vaa.

"Umeamkaje, Mama?"

"Vibaya," Sawae akasema kwa raha. Akamweleza goti, akamweleza ndoto, akamweleza Shigemi aliyeazima sufuria yake asiirudishe. Picha haikutikisika. Ilikuwa safi mno, hata akaziona mvi za mwanawe juu ya masikio, na weusi chini ya macho. Vilikuwapo siku zote, ila hakuwahi kupewa nafasi ya kuviona.

"Na wewe?" akauliza. "Usiniambie huna neno."

Kazunari hakujibu. Alitulia kimya, mdomo wazi kidogo, na Sawae kwa mazoea akanyoosha mkono kukichukua kitambaa. Ndipo akaona macho yake yanapepesa.

"Mama," Kazunari akasema, "nimechoka."

Sawae akaisogeza supu kando.

"Haya," akasema. "Nieleze."